Lisome Gamba Kabla Hujalipa Jina

Mwanangu,

Umesema umekata shauri kuwasomea konokono wa vilindini, wale wenye magamba mepesi yaliyofura mithili ya viputo, na kwamba nyumbani wanakuuliza utakula nini kwa kuhesabu mistari kwenye magamba ya viumbe wasiouzwa sokoni. Swali hilo wazazi wako wana haki ya kuliuliza, nami sitajifanya nina jibu lake. Ninaloweza kukupa ni habari ya kazi yenyewe: inavyofanywa inapofanywa vizuri, na mahali walipoteleza watu waliokuwa na elimu kubwa kuliko yetu. Isikilize, kisha uamue mwenyewe.

Mwaka 1758 Carl Linnaeus wa Sweden, katika toleo la kumi la kitabu chake Systema Naturae, aliweka chini ya jenasi Bulla magamba ya kila namna, mradi yamefura. Humo alimtia Bulla ampulla, ambaye gamba lake lenye madoa ya kahawia unalijua tangu utotoni kwa kuliokota pwani maji yakitoka. Akamtia na yule mweupe pe ambaye leo anaitwa Ovula ovum, jamaa wa kauri, asiye na udugu wa karibu na Bulla. Akamtia konokono mdogo wa mito na madimbwi ya Ulaya, Physa fontinalis wa leo. Akamtia hata konokono mkubwa wa nchi kavu wa Afrika Magharibi, ambaye sasa tunamwita Achatina achatina; yeye alimwandika Bulla achatina. Wa baharini, wa mtoni na wa msituni wakakaa chumba kimoja kwa sababu magamba yao yalikuwa na tumbo pana.

Usimcheke Linnaeus. Alikuwa na magamba makavu yaliyoletwa na mabaharia na wafanyabiashara, mengi bila mnyama ndani na bila habari ya kuaminika ya yalikotoka. Alifanya alichoweza, na bila yeye tusingekuwa na pa kuanzia. Lakini lishike hili kutoka kwake: umbo la jumla ndilo linaloonekana kwanza, na ndilo linalodanganya zaidi. Gamba laini lililofura limejitokeza katika koo nyingi zisizohusiana. Kwa mnyama anayejichimbia mchangani au topeni ni gamba lenye manufaa, kwa kuwa halina miiba wala ncha ya kukwama, basi viumbe mbalimbali wameishia kufanana kwa sababu ya maisha wanayoishi, wala si kwa sababu ya kuzaliwa pamoja.

Chumba kile kilianza kupanguliwa polepole. Kwa upande unaokuhusu wewe, mwaka wa kukumbuka ni 1810, pale Pierre Denys de Montfort wa Ufaransa alipomtoa humo konokono aliyekuwa akiitwa Bulla lignaria, akamfanyia jenasi yake, Scaphander. Nataka jenasi hiyo iwe shule yako. Kati ya konokono hawa wa maji ya kina, ni miongoni mwa zilizochunguzwa kwa bidii, na karibu kila kosa linalowezekana katika kazi hii limewahi kufanywa juu yake. Scaphander lignarius mwenyewe anaishi kuanzia Norway hadi bahari ya Mediterania, kwenye mchanga na tope; gamba lake la rangi ya machungwa iliyochanganyika na kahawia hufika sentimita sita na kupita kidogo. Kichwani ana ngao pana ya nyama anayoitumia kulima njia yake. Ndugu zake huenda chini zaidi: Scaphander punctostriatus wa kaskazini mwa Atlantiki hupatikana hata kupita mita 1,000, na wengine wako katika Bahari ya Hindi na Pasifiki.

Sasa lishike gamba. Kilele kiwe juu, mdomo ukuelekee, na uwe upande wa mkono wako wa kulia. Hiyo ndiyo desturi ya wenye kazi hii duniani kote, ili mchoro uliochorwa Norway uweze kulazwa kando ya mchoro uliochorwa Zanzibar.

Kwanza elewa jinsi lilivyojikunja. Chukua mkeka uukunje kuanzia ukingo mmoja: kinachoonekana nje ni mzingo wa mwisho tu, na yote ya mwanzo imefichwa ndani. Gamba la Scaphander ndivyo lilivyo. Mzingo wa mwisho umeimeza yote iliyoutangulia, na pale juu ambapo konokono wengine wana ncha, hapa pana kishimo au kovu. Ndani kabisa ya sehemu hiyo limezikwa gamba la uchanga, lile alilokuwa nalo mnyama alipokuwa lava akielea majini. Katika ukoo wao mkubwa, gamba hilo la lava hujikunja kushoto ilhali gamba la ukubwani hujikunja kulia. Kwa konokono kama Acteon, ambaye kilele chake kimechomoza, waweza kuliona gamba hilo ukiwa na subira na lenzi. Kwa Scaphander limefunikwa, na hutaliona mpaka gamba livunjwe au lipigwe picha za eksirei. Nakueleza haya ili ujue tangu mwanzo kwamba sehemu ya ushahidi imefichwa, na kwamba kutoiona si sawa na kutokuwepo.

Kisha pima. Urefu wote, pamoja na ukingo wa mdomo kama umepanda kupita kilele. Upana pale palipo papana zaidi, na uandike pako wapi, kwa maana hapo pana siri kubwa. Scaphander amebanwa juu, tumbo lake liko chini. Cylichna, jenasi aliyoiunda Sven Lovén wa Sweden mwaka 1846, ana umbo la mcheduara mwembamba, ubavu huu ukienda sambamba na ule. Bulla amejaa katikati. Ukishajua tofauti hizo tatu utaweza kuyatenga magamba mengi mezani kwa haraka, lakini kutenga ndiko kazi inakoanzia. Watu wengi huishia hapo, na ndiyo maana makabati ya makumbusho yamejaa lebo zisizo sahihi.

Usipime gamba moja ukaridhika. Pima yote uliyo nayo, madogo kwa makubwa, uyapange kwa ukubwa. Uwiano wa urefu na upana hubadilika mnyama anapokua, na mdomo wake nao hubadilika. Kuna majina yaliyowahi kutolewa kwa watoto na mengine kwa wazazi wa spishi ile ile moja. Aliyepanga magamba yake kuanzia dogo hadi kubwa huliona jambo hilo mara moja. Mwenye gamba moja la kupendeza hawezi kuliona hata akilitazama mwaka mzima.

Njoo kwenye mdomo. Kwa konokono hawa mdomo ni mrefu karibu sawa na gamba lenyewe, mwembamba juu na mpana chini. Tazama ukingo wake wa nje unaanzia wapi, katikati ya kile kishimo cha juu au pembeni yake. Unapanda kupita kilele au unaishia chini yake? Ukipanda, unapanda kwa mviringo au kwa pembe? Kisha geukia upande wa ndani, kwenye nguzo, uangalie kama ina mkunjo au ni laini, na kama chokaa imemwagika juu yake kwa tabaka nene au nyembamba. Maswali haya yanachosha. Yaulize yote kwa kila gamba, kwa mpangilio ule ule, hata pale unapodhani unalijua jibu.

Baada ya hapo ni uso wa gamba, na hapa ndipo kazi ilipo. Kwa macho matupu utaona mistari myembamba inayolizunguka. Weka gamba chini ya hadubini na taa uiweke ubavuni, isiwe juu, ili vivuli vijitokeze. Mistari ile itageuka kuwa safu za vishimo. Vishimo hivyo ni vya duara, vya umbo la yai, au vina pembe? Vimeshikana kama mnyororo au kila kimoja kimekaa peke yake? Nafasi kati ya safu na safu ni sawa kote, au safu nene hupishana na nyembamba? Safu zimeenea gamba zima au zimekusanyika juu na chini na kuacha katikati patupu? Ukipata nafasi ya hadubini ya elektroni, itumie, kwa kuwa maumbo ya vishimo huonekana humo kwa uwazi ambao lenzi ya kawaida haiwezi kuutoa. Na unapoandika maelezo usiandike kwamba gamba lina mistari ya kuzunguka. Magamba yote ya jenasi hii yana mistari ya kuzunguka. Sentensi ya aina hiyo imejaa katika maandishi ya zamani, na imewapotezea watu miaka.

Rangi usiitegemee. Nyingi iko kwenye ngozi nyembamba ya nje inayofunika chokaa. Ngozi ikibambuka, gamba hupauka, na mawili ya mnyama wa aina moja, moja bichi na jingine lililolala topeni muda mrefu, utayaona kama ya wanyama wa aina mbili. Tena maji ya vilindini ni baridi na yana mgandamizo mkubwa, na chokaa huyeyuka humo kwa wepesi kuliko katika maji ya juu. Magamba mengi ya huko hufika mezani yakiwa yamelika, hasa sehemu za zamani. Unapoona eneo laini lisilo na vishimo, jiulize kama liliumbwa hivyo au limelika. Na ukiona tundu la duara lililochongwa vizuri, ujue hiyo ni kazi ya konokono mlanyama aliyemtoboa huyu amle; si sifa ya gamba.

Kuhusu jinsi gamba linavyoweza kubadilika, jifunze kwa jirani yetu Bulla. Mwaka 2008 Manuel Malaquias na David Reid walichapisha uchunguzi wa spishi zote hai za jenasi hiyo, wakilinganisha magamba, viungo vya ndani na vinasaba. Katika wingi wa majina yaliyokuwa yamerundikana tangu enzi za Linnaeus, walibakiza spishi 12. Magamba ya spishi moja yalikuwa yakitofautiana sana kwa rangi, ukubwa na umbo, na magamba ya spishi mbili tofauti yalikuwa yakifanana kiasi cha kutotengeka kwa macho. Wakati huohuo kazi ile ile ilifichua spishi iliyokuwa haijapewa jina, Bulla arabica, wa bahari ya upande wa Oman na Uarabuni, kwa majirani zetu wa pepo za kaskazi. Huyo alikuwa akiishi maji ya kina kifupi, pwani inayotembelewa na watu tangu kale. Basi fikiria hali ya wale wanaoishi mita elfu moja chini, ambao hupandishwa mmoja mmoja na wavu wa meli.

Sasa nikueleze habari ya firigisi, na hii naomba uikumbuke kuliko nyingine zote.

Scaphander ni mlanyama. Humeza kombe wadogo, minyoo, na viumbe wa seli moja wenye vigamba vya chokaa waitwao foraminifera, akiwameza wazima wazima, kisha huwasaga tumboni. Firigisi yake ina vibao vitatu vigumu, viwili vikubwa vinavyotazamana na kimoja kidogo. Mwaka 1783 Giuseppe Gioeni, mwanazuoni aliyeheshimiwa wa Catania katika kisiwa cha Sicily, alichapisha kijitabu akitangaza familia mpya na jenasi mpya ya wanyama wa bahari wenye gamba la vipande vitatu, waliopatikana kwenye pwani ya mji wake. Jenasi hiyo akaipa jina lake mwenyewe, Gioenia. Hakuishia kwenye gamba. Alieleza mnyama anavyoishi na anavyotembea. Wataalamu wa nchi nyingine wakaamini, na wengine wakampa majina yao: Retzius wa Sweden akamwita Tricla, Bruguière wa Ufaransa akamwita Char. Mnyama asiyekuwepo akawa na majina matatu. Ni Jacques Draparnaud wa Montpellier, karibu na mwaka 1800, aliyegundua kwamba vipande vile vitatu vimo ndani ya tumbo la Bulla lignaria. Kilichoandikwa kuwa mnyama mzima kilikuwa firigisi ya konokono iliyochopolewa.

Gioeni hakuwa mtu wa ovyo. Kitabu chake cha mwaka 1790 juu ya mawe ya volkano ya Vesuvius kilikuwa kazi ya kweli, na mwaka 1824, baada ya kufa kwake, wanazuoni wa Catania walianzisha jumuiya yao kwa jina lake, Accademia Gioenia, ambayo ipo hadi leo. Lakini alipoandika kwamba mnyama anatembea, aliandika jambo ambalo hakuna mtu angeweza kuliona. Huo ndio mpaka usioruhusiwa kuuvuka, mwanangu. Ukiona, andika umeona. Ukikisia, andika umekisia. Usipokuwa na mnyama ndani ya gamba, andika waziwazi kwamba gamba lilikuwa tupu. Mwenzako wa miaka mia ijayo ataweza kufanya kazi na maelezo mafupi ya kweli. Maelezo marefu yaliyopambwa yatampoteza.

Funzo la pili la kisa hicho ni kwamba ukiwa na mnyama, umfungue. Vibao vya firigisi vina umbo la pekee kwa kila jenasi, na wakati mwingine kwa kila spishi. Ulimi wenye meno, ambao sisi tunauita radula, nao ni ushahidi. Viungo vya uzazi wa kiume pia. Mpige picha kwanza akiwa mzima, pande zote, ndipo umtoe kwa koleo jembamba kupitia mdomo wa gamba bila kulivunja. Siku hizi katika maabara zenye uwezo, picha za eksirei za tabaka kwa tabaka huonyesha vibao vya ndani bila kumgusa mnyama, na kwa sampuli adimu njia hiyo ni bora.

Utakutana na watu, wengine walimu wako, watakaokuambia kwamba kazi ya gamba imepitwa na wakati, kwamba kipande kidogo cha nyama kikichukuliwa vinasaba kitasema kila kitu. Vinasaba vimefanya kazi kubwa, nami navithamini. Mwaka 2013 Mari Heggernes Eilertsen na Malaquias, wakiwa Chuo Kikuu cha Bergen, waliipitia upya jenasi Scaphander ya Bahari ya Atlantiki yote kwa vinasaba pamoja na magamba na viungo vya ndani. Mwaka 2015 kundi zima la konokono hawa lilipangwa upya, baadhi ya jenasi zikahamishwa familia, na ikaundwa familia mpya, Alacuppidae. Mwaka 2020 ikatangazwa Scaphander meridionalis kutoka korongo la chini ya bahari la Mar del Plata, Argentina. Lakini zisome kazi hizo kwa makini uone walivyofanya. Popote walipoeleza spishi, wamelieleza gamba kwa ukamilifu, wamepima, wamepiga picha za vishimo. Hawakuwa na njia nyingine, na nitakwambia sababu.

Spishi ikipewa jina, jina hilo hufungwa kwenye sampuli moja iliyoteuliwa, inayoitwa holotaipu, iliyowekwa kwenye makumbusho. Kwa konokono wa vilindini, sampuli nyingi za aina hiyo ni magamba matupu yaliyovuliwa katika karne ya 19. Meli ya Uingereza Challenger ilizunguka dunia kuanzia 1872 hadi 1876 ikikokota nyavu sakafuni mwa bahari, na konokono wake walielezwa na Robert Boog Watson, mchungaji wa Kiskoti. Yeye ndiye aliyetoa majina kama Scaphander mundus mwaka 1883. Magamba hayo makavu hayatakupa vinasaba kwa urahisi, na mara nyingi hayatakupa kabisa. Kwa hiyo siku utakapokuwa na mnyama mbichi na orodha nzuri ya vinasaba vyake, bado utabaki na swali kama ni yule aliyepewa jina mwaka 1883 au ni mwingine. Litakalokujibu ni gamba. Asiyejua kulisoma gamba hawezi kuliunganisha jina la zamani na mnyama wa leo, na kazi yake yote ya maabara inabaki bila jina la kuivisha. Hiyo ndiyo hukumu yangu juu ya mjadala huo, na sijaona hoja ya kuibadilisha.

Niseme kidogo juu ya chupa na lebo, maana huko ndiko elimu hii inakopotelea zaidi. Formalini isiyotulizwa asidi yake hula gamba jembamba na kuharibu vinasaba. Sampuli itarudi kwako ikiwa laini na isiyo na kazi. Tumia ethanoli ya asilimia 95 kwa unaotaka kuwachukulia vinasaba, na uibadilishe baada ya siku ya kwanza kwa kuwa maji ya mwilini huipunguza nguvu. Lebo iandikwe kwa penseli kwenye karatasi imara, iwekwe ndani ya chupa. Ya nje ibandike ukitaka, lakini siku moja itabanduka. Iwe na mahali kwa vipimo vya latitudo na longitudo, kina kwa mita, tarehe, jina la meli, namba ya kituo, na neno moja ambalo watu wengi hulisahau: hai au mfu. Gamba tupu huporomoka na tope kutoka mteremkoni, au hubebwa na kaa mtawa, likaishia mamia ya mita chini ya pale mnyama alipoishi. Kina cha gamba tupu kinakuambia lilipopatikana, hakikuambii alikoishi mwenyewe.

Magamba makavu usiyaweke kwenye kabati la mbao mbichi zenye asidi. Mvuke wake hulila gamba polepole na kuliacha na unga mweupe juu. Loftus Byne wa Uingereza aliueleza uharibifu huo mwaka 1899 akidhani ni ugonjwa wa bakteria. Leo tunajua ni asidi. Droo za chuma na karatasi isiyo na asidi ndizo salama. Katika joto na unyevu wa pwani yetu, hili si jambo la kuahirisha.

Na jina? Jina liache mwisho. Nimewaona vijana wenye vipaji wakikimbilia kutangaza spishi mpya kwa gamba moja, kwa hamu ya kuona jina lao likiandikwa mbele ya mwaka. Hamu hiyo naielewa. Lakini kanuni za kimataifa za majina ya wanyama hushika jina lililotangulia, na jina lako likionekana baadaye kuwa la pili, halifutiki. Litabaki katika orodha ya majina yasiyotumika, na kila atakayeichunguza jenasi hiyo atalazimika kulitafuta, kulisoma na kulieleza. Unawatwika mzigo watu ambao hawajazaliwa. Kabla hujatoa jina, soma maelezo ya kwanza ya kila spishi ya jenasi hiyo, hata yaliyoandikwa kwa Kilatini, Kijerumani au Kifaransa. Omba picha za holotaipu zao. Waandikie wahifadhi wa makumbusho kwa adabu, ukieleza unachotafuta na kwa nini, wengi hujibu. Linganisha magamba ya umri mmoja. Baada ya hayo yote, kama tofauti bado imesimama, toa jina bila woga, na holotaipu uiweke mahali ambapo mtu yeyote ataruhusiwa kuiona.

Najua utauliza haya yanatuhusu nini sisi wa huku, maana nimekutajia Norway, Sicily na Argentina. Yanatuhusu. Msafara wa Kijerumani wa meli Valdivia, ulioongozwa na Carl Chun, ulipita kwenye maji yetu mwaka 1899 na kutia nanga Dar es Salaam. Ulichota tope la vilindi vya upande huu, na konokono wake walipelekwa Berlin. Sehemu ya pili ya maelezo ya konokono hao, iliyoandikwa na Johannes Thiele, ilitoka mwaka 1925. Pima muda huo uone kazi hii inavyotaka subira. Mwaka 1933 na 1934 meli ya Misri Mabahiss, iliyobeba msafara wa John Murray, ilifanya kazi Bahari ya Arabuni na kufika hadi maji ya Zanzibar. Sampuli zake zilikwenda London. Mwanafunzi wa kwetu anayetaka kuona konokono aliyevuliwa kwenye vilindi vya pwani yake mwenyewe, hulazimika kuandika barua Ulaya.

Ilhali vilindi tunavyo mlangoni. Unguja imekaa kwenye maji ya kina kifupi ambayo inachangia na bara, lakini kati ya Pemba na bara sakafu inashuka mamia ya mita, na mashariki mwa visiwa inazidi kushuka. Wazee wetu walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu, nao walikuwa wakisema juu ya upwa, ule unaoonekana bamvua zikitoka. Zaidi ya hapo hatujagaagaa bado. Kule kusini, utafutaji wa gesi umepeleka vyombo na kamera kwenye vina ambavyo ni vigumu kwa watafiti wa hapa kuvifikia, na tope linalopandishwa na mitambo hiyo lina konokono ndani yake. Mara nyingi hupimwa kwa mambo mengine, kisha likatupwa.

Kwa hiyo nakuomba mambo mawili. Ukisikia meli ya utafiti imetia nanga Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam na inataka vijana wa kuchekecha tope, peleka jina lako, hata kama kazi hiyo ni ya usiku na haina malipo ya maana. Nenda na chekeche la nusu milimita, penseli na chupa zako. Na konokono utakaowapata, wagawe kabla meli haijaondoka: sehemu moja iende na wenye meli kama mkataba unavyotaka, na sehemu nyingine, ikiwa na lebo kamili, ikabidhiwe Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, au wenzao wa Mombasa, upewe stakabadhi yenye namba ya sampuli.